Namba ya Skrini Si Msahafu

Feni inazunguka mbele ya macho yako, upepo wake unakupiga usoni, na skrini inasema sifuri. Mteja amekaa kwenye stuli anasubiri neno lako. Hapo ndipo mafundi wanapoachana njia. Mmoja atasema, "Feni imekufa, mama, tuweke nyingine," na mama wa watu atafungua pochi. Mwingine ataifuta programu na kuweka nyingine, na ikionyesha namba inayompendeza atafunga kava na kuendelea na kazi. Wa tatu atavuta kiti na kuuliza: namba hii imetoka wapi, na imepita wapi mpaka kufika hapa?

Makala haya ni ya huyo wa tatu. Ni yako wewe uliyejibana kwenye kibanda Kariakoo, wewe wa Luthuli Avenue, wewe wa Mwembe Tayari, na wewe dada uliyeko Kigoma na kompyuta moja ya mtumba unayojifunzia usiku kwa kuwa mchana una kazi nyingine. Nataka ujue kwamba unaweza kuihoji namba yoyote inayotokea kwenye skrini hiyo, hata ikitoka kwenye programu maarufu, hata ikiandikwa kwa rangi nyekundu. Huhitaji maabara. Unahitaji simu yako, mita ya kawaida, kipande cha barafu, hesabu za darasa la saba, na ubishi. Ubishi wa heshima, lakini ubishi.

Tuanze na sifuri ile ile.

Ndani ya kitovu cha feni mna sumaku, na karibu yake pana kihisi kidogo kinachoitikia kila sumaku inapopita. Kwa feni nyingi za kompyuta, mzunguko mmoja unatoa mapigo mawili kwenye waya wa ishara. Waya huo unaingia kwenye chipu iliyo juu ya ubao mama, na mara nyingi chipu hiyo ni ya ITE au Nuvoton, kampuni za Taiwan. Sasa tega sikio, maana hapa ndipo penye utamu: chipu za zamani hazihesabu mizunguko. Zinapima muda. LM78 ya National Semiconductor, ambayo utaratibu wake uliigwa na chipu nyingi zilizokuja baadaye, ina saa inayopiga tiki 22,500 kwa sekunde. Pigo la feni likiingia, inaanza kuhesabu tiki. Pigo linalofuata likiingia, inaacha. Tiki zikiwa nyingi, feni inakwenda pole. Zikiwa chache, feni inakimbia.

Kihesabio chake kina biti 8 tu, kwa hiyo mwisho wake ni 255. Chukua feni ya mizunguko 1,200 kwa dakika, feni tulivu ya kawaida kabisa. Hiyo ni mizunguko 20 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 50, na kutoka pigo hadi pigo, yaani nusu mzunguko, ni milisekunde 25. Ndani ya milisekunde 25 saa ile inapiga tiki 562. Kihesabio kinaishia 255! Kimejaa kabla feni haijafika. Chipu inaandika 255, programu inaisoma na kuielewa kuwa feni imesimama, na wewe unaletewa sifuri. Kwa mpangilio huo, feni yoyote iliyo chini ya mizunguko 2,647 hivi kwa dakika ni maiti kwenye skrini, hata kama inapeperusha karatasi mezani.

Dawa yake ni nini? Chipu hizo zina kigawanyo unachoweza kukibadilisha: 1, 2, 4 au 8. Kinaanzia 2. Ukikipandisha hadi 8, saa inapiga tiki robo ya zile za mwanzo, na feni yako ya mizunguko 1,200 sasa inahesabiwa tiki 140. Zidisha 140 kwa 8, kisha gawanya 1,350,000 (zile tiki 22,500 mara sekunde 60) kwa jibu hilo, unapata 1,205. Feni imefufuka na hujanunua kitu. Fanya tena kwa tiki 141: inakuja 1,197. Kati ya 1,197 na 1,205 chipu hiyo haina namba ya kukupa. Kwa hiyo mteja akilalamika kwamba kasi ya feni inarukaruka kutoka namba moja hadi nyingine bila kupita katikati, hutabahatisha jibu. Utachukua kalamu, umwonyeshe.

Kalamu hiyo hiyo itakuokoa siku skrini itakapokuambia feni inazunguka mara 675,000 kwa dakika. Wapo watakaocheka tu na kuwasha mashine upya. Wewe piga hesabu. Gawanya 1,350,000 kwa 2, kile kigawanyo cha mwanzo, unapata 675,000 kamili, maana yake chipu imehesabu tiki moja tu: vurugu fulani ya umeme kwenye waya wa ishara imeingia ikachukuliwa kuwa ni pigo la feni. Na kama bado kuna anayebisha, feni ya upana wa sentimita 12 ikizunguka kasi hiyo, ncha ya panga lake ingekuwa inakwenda zaidi ya mita 4,200 kwa sekunde, mara 12 ya kasi ya sauti. Plastiki ile ingesambaratika kabla hujamaliza kusoma namba. Unaona nguvu uliyo nayo? Bila kugusa bisibisi umekwishajua kwamba unachokitafuta kiko kwenye waya, kwenye kiungio au kwenye mpangilio, na feni yenyewe haina kosa.

Chipu mpya zina vihesabio vikubwa zaidi, na maradhi haya yamepungua. Lakini tuseme ukweli: mashine zinazoingia kwetu kwa marobota, zile zinazojaza maabara za shule na ofisi za kata, si za mwaka huu. Fundi anayezielewa za jana hapa kwetu hakosi kazi.

Sasa, usiniamini mimi. Na usiiamini chipu. Tafuta shahidi mwingine, naye yuko mfukoni mwako.

Simu nyingi za siku hizi zinarekodi video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Kata kipande kidogo cha gundi ya karatasi, cheupe, kidogo kama punje ya mchele, ukibandike kwenye panga moja la feni. Washa mashine. Mulika kwa tochi au kaa karibu na dirisha, maana taa za umeme wa nyumbani huwaka na kufifia kwa kasi ambayo kamera inaiona na zitakuchanganya. Rekodi sekunde chache, kisha fungua video hiyo kwenye programu inayokuwezesha kusogeza picha moja moja. Hesabu picha kuanzia alama nyeupe ilipokuwa juu mpaka iliporudi juu. Ukipata 12, gawanya 240 kwa 12: mizunguko 20 kwa sekunde, 1,200 kwa dakika. Ili kosa la macho lipungue, hesabu mizunguko 10 mfululizo. Utapata picha 120 hivi. Kazi yote hiyo haimalizi muda wa kunywa kikombe cha chai, na umeshapata namba ambayo haikupita kwenye chipu, wala kwenye BIOS, wala kwenye programu ya mtu yeyote. Umeipima mwenyewe kwa macho yako.

Kama mita yako ina sehemu ya kupima hezi, una shahidi wa tatu. Weka ncha nyeusi kwenye waya wa ardhi na nyekundu kwenye waya wa ishara, feni ikiwa imechomekwa kwenye ubao mama na inazunguka. Mita ikisoma hezi 40, zidisha kwa 30, hiyo ni 1,200. Kwa nini 30? Kwa sababu mapigo ni mawili kwa mzunguko na dakika ina sekunde 60. Angalizo kuhusu rangi, na tafadhali lishike: kwenye feni nyingi za waya tatu, ishara ni waya wa njano, mweusi ni ardhi na mwekundu ni volti 12. Kwenye nyingi za waya nne, njano ndiyo volti 12, ishara ni kijani, na bluu ni waya wa kuongoza kasi. Njano ile ile, kazi mbili tofauti. Fundi anayekwenda kwa rangi peke yake ataunguza kitu siku moja. Anza na pini, hesabu kuanzia upande wa ardhi.

Mashahidi hawa watatu wakikubaliana, funga ukurasa. Wasipokubaliana, tofauti yao yenyewe inakuelekeza. Skrini inaonyesha mara mbili kamili ya ulichokipima, au nusu yake kamili? Basi hakuna kilichoharibika: feni inatoa mapigo manne au moja kwa mzunguko badala ya mawili, na programu inadhania mawili. Kwenye Linux unarekebisha kwa mstari mmoja katika faili la lm-sensors, programu ya kusoma vihisi, na kwa baadhi ya chipu unaitajia draiva idadi ya mapigo moja kwa moja. Namba inaruka ovyo, haina hata uwiano? Angalia kama kuna waya wa kugawa unaolisha feni mbili kutoka kwenye pini moja na kurudisha ishara za zote mbili. Chipu inasikia feni mbili zikipiga kwa wakati mmoja na kuzichukulia kuwa moja. Ishara irudi kutoka kwenye feni moja tu. Na kama feni ni ya waya tatu lakini ubao mama unapunguza kasi kwa kukata na kurudisha umeme wake haraka haraka, basi kihisi kilicho ndani ya feni nacho kinazimwa na kuwashwa, na ishara yake inakatika katikati ya sentensi. Iendeshe feni hiyo kwa kasi yote, ulinganishe. Namba ikitulia, umemkamata mwizi.

Kuna sifuri nyingine ambayo ni ya kweli. Kadi nyingi za picha za kisasa na baadhi ya vifaa vya kugawa umeme vimeundwa kusimamisha feni kabisa joto likiwa dogo. Usibadilishe kitu ambacho kinafanya kazi yake. Kipe mzigo kwanza, uone kama kitaamka.

Joto ni gumu zaidi, na hapa nataka ujasiri wako wote, kwa sababu joto hulioni. Feni unaiona, unaisikia. Joto unaletewa namba tu, na binadamu huwa tunaisujudia namba tusiyoweza kuiona kwa macho.

Uwanja wetu wa nyumbani ni huu: unajua hali ya hewa ya chumba chako. Uko Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba kina nyuzi 31. Programu inakuambia prosesa iko nyuzi 24, imepozwa kwa feni na bati la kawaida. Haiwezekani! Joto linatoka penye joto kwenda penye baridi. Upepo wa nyuzi 31 hauwezi kukipoza kitu kikafika nyuzi 24. Huhitaji cheti cha mtu yeyote kuikataa namba hiyo. Kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo kimeishinda programu.

Na sababu ya namba hiyo unaweza kuifahamu. Prosesa za Intel hazina ndani yake kipimajoto kinachosema "niko nyuzi 24". Zina kihisi kinachosema "bado nyuzi 76 nifike ukomo wangu". Programu inachukua ukomo huo, kwa prosesa nyingi ni nyuzi 100, inatoa 76, inakuonyesha 24. Kihisi hicho kimetengenezwa kiwe sahihi karibu na ukomo, kwa kuwa kazi yake ni kuiokoa prosesa isiungue. Mbali na ukomo, mashine ikiwa imetulia, kinaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa na hakuna anayekiadhibu kwa hilo. Tena, kwa prosesa zilizotangulia kizazi cha Nehalem cha mwaka 2008, programu nyingi zilikuwa zinakisia ukomo. Ukikisia 100 wakati ukweli ni 85, kila namba utakayosoma imezidi kwa nyuzi 15, asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo kwa mashine za Intel, umbali wa kufika ukomo ndiyo habari ya kuaminika zaidi. Mwambie mteja: "Imebakiza nyuzi 30 kufika mwisho wake hata ikifanya kazi nzito." Hilo ni neno la fundi.

AMD nao wana kisa chao, na wengi kimewagharimu. Mwaka 2017 zilipotoka Ryzen 7 1700X na 1800X, watu waliona joto la kutisha. Wakabadilisha vipoza joto, wakapaka pesti upya, wapi. Ikaja kueleweka kutoka kwa AMD wenyewe kwamba namba inayotolewa kwa ajili ya kuongoza feni imeongezwa nyuzi 20 makusudi kwenye modeli hizo, ili feni za modeli mbalimbali ziongozwe kwa utaratibu mmoja. Skrini ikisema 58, prosesa iko 38. Kwa 2700X nyongeza ni 10; kwa Threadripper 1950X ni 27. Programu iliyosasishwa inajua kutoa nyongeza hiyo, ya zamani haijui. Hakuna kihisi kilichoharibika wala chipu iliyodanganya. Ilitolewa namba ya kazi moja, ikasomwa kwa kazi nyingine. Soma habari za prosesa iliyo mbele yako kabla hujafungua skrubu!

Vihisi vya kwenye ubao mama vina vituko vyake. Chipu moja inaweza kuwa na milango mingi ya kupokea joto, na mtengenezaji wa ubao akaunganisha miwili au mitatu tu. Mingine imeachwa hewani, lakini programu inaisoma yote, na mlango usiounganishwa unatoa namba zisizo na maana, kama redio isiyokamata stesheni. Utaona 127, utaona -128, utaona -55. Ya 127 na -128 ndiyo miisho ya namba ya biti 8, ukiiona moja jua kwamba hakuna mtu upande wa pili. Hatari zaidi ni ule mlango unaotoa namba inayofanana na ukweli, nyuzi 88 kwa mfano, usiku na mchana haubadiliki. Utautambuaje? Utikise. Ipe prosesa mzigo mzito dakika tano. Kihisi cha ndani ya prosesa kinaruka ndani ya sekunde moja na kushuka haraka vilevile mzigo ukiondoka. Cha kwenye ubao, karibu na soketi, kinapanda taratibu. Kisichotikisika kwa mzigo, kwa feni kuzimwa kidogo, wala kwa upepo wa uvuguvugu wa drai ya nywele kutoka mbali, hakipimi kitu. Kiandikie kwenye daftari lako kuwa hakipo, kisha kifiche kwenye programu ili kisimtishe mteja.

Ndiyo, daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujuzi ni mali. Andika modeli ya ubao, jina la chipu, kihisi gani ni nini, nyongeza ni ngapi, feni ina mapigo mangapi. Ubao wa modeli hiyo ukirudi mezani kwako, kazi ya saa nzima itakuwa ya dakika mbili.

Lakini nisikupe ulevi wa kukataa kila kitu. Namba ya joto kali mara nyingi ni ya kweli. Pesti imekauka, vumbi limefunga mapezi, mguu wa kipoza joto umechomoka upande mmoja. Anayesema "kihisi kimeharibika" kabla ya kuangalia hayo ni mvivu aliyepata kisingizio. Mwulize shahidi: prosesa inapunguza kasi yake yenyewe? Ikifika ukomo itajipunguza ili isiungue. Ikiwa programu inapiga kelele za nyuzi 100 na prosesa bado inakwenda kwa kasi yake yote, kuna mmoja anayesema uongo. Ikiwa imejipunguza, amini, na uanze kusafisha.

Kipimajoto cha mwanga unachokiona cha umbo la bastola nacho kinahitaji kuhojiwa. Ukikielekeza kwenye bati la aluminiamu linalong'aa kitakupa namba ndogo kuliko ukweli, kwa sababu metali inayong'aa hutoa mionzi michache ya joto na huakisi ile ya vitu vilivyo jirani. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye bati, kiache kipate moto, ndipo ukilenge hapo. Vile vya kupimia watu homa kwenye paji la uso viache kabisa; vimepangwa kwa joto la mwili. Na ukumbuke kwamba bati likiwa nyuzi 45 na kiini cha prosesa nyuzi 75, wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Wako mahali tofauti.

Je, kipimajoto chako cha waya utakihakikije? Barafu. Ponda barafu ujaze kikombe, weka maji kidogo, koroga, subiri, chovya ncha. Lazima isome sifuri au karibu sana. Watu wengi hukimbilia maji yanayochemka wakitegemea 100, na Dar es Salaam hilo litakubali. Nairobi, yenye mwinuko wa mita 1,700 na ushei, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na fundi asiyelijua hilo atakitupa kipimajoto kizima. Barafu haijali mwinuko.

Huenda unajiuliza kwa nini nakusukuma namna hii kwa ajili ya feni ya kompyuta. Nitakuambia. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Boeing 737 MAX. Muda mfupi baada ya kupaa, kihisi kimoja cha pembe ya upepo, upande wa kushoto, kilianza kutoa namba isiyo ya kweli. Ndege ilikuwa na vihisi viwili vya aina hiyo, lakini mfumo uliokuwa unasukuma pua ya ndege chini ulikuwa unasikiliza kimoja kwa wakati. Uliamini ulichoambiwa, ukaisukuma ndege chini, tena na tena. Watu 157 walikufa karibu na Bishoftu, Wakenya 32 wakiwemo. Baada ya msiba huo na ule wa ndege ya aina hiyo hiyo Indonesia, Oktoba 2018, mfumo ulibadilishwa ili ulinganishe vihisi vyote viwili.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tabia unayoijenga leo kwenye kibanda chako, ya kutafuta namba ya pili kabla ya kuitenda ya kwanza, ndiyo itakayohitajika kesho kwenye friji ya chanjo inayopaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwenye jenereta ya hospitali, kwenye chumba cha seva cha benki. Mtu haanzi kuhoji vihisi siku anapokabidhiwa maisha ya watu. Anaanzia kwenye kompyuta ya mama aliyekaa kwenye stuli.

Jambo la haraka kabla hatujaachana: usifungue programu mbili za kupima joto kwa pamoja. Chipu nyingi hupanga taarifa zake kwa kurasa. Programu ya kwanza inafungua ukurasa mmoja, ya pili inaufunua mwingine, ya kwanza inasoma mahali pasipo pake bila kujua. Namba za kichaa zinazotokea na kupotea mara nyingi zinatoka hapo. Linux nayo ikikataa kupakia draiva kwa madai kwamba BIOS inaitumia chipu hiyo hiyo, inakuepusha na ugomvi huo huo. Upo mpangilio wa kuilazimisha, lakini uulazimishe kwenye mashine yako ya majaribio, kamwe usianze na ya mteja.

Na kuna mlango mkubwa zaidi ulio wazi. Mradi wa lm-sensors ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Frodo Looijaard na Philip Edelbrock. Baadaye Jean Delvare akaubeba kwa miaka mingi, na kwa upande wa kiini cha Linux, Guenter Roeck ndiye anayesimamia draiva za vihisi. Kazi yao inafanywa hadharani, kila mstari unasomeka. Kila mwaka zinatoka bao mama mpya ambazo mpangilio wa vihisi vyake haujaandikwa na mtu: kipi ni cha prosesa, kipi kimeachwa hewani, feni ya pili inasomwa wapi. Anayeweza kulijibu hilo ni mtu mwenye ubao huo mezani, mita mkononi na subira ya kutikisa kihisi kimoja baada ya kingine. Kwa nini asiwe wewe? Umekwishalifanya hilo kwenye daftari lako. Kilichobaki ni kuliandika vizuri, kulipeleka kwa wanaohusika, na kusimama imara wakikuuliza maswali magumu, kwa sababu watakuuliza: ulijuaje kwamba namba hiyo ni ya kweli?

Utawaambia ulirekodi video ya picha 240 kwa sekunde, ukahesabu mizunguko 10, ukapata picha 120. Utawapa hezi ulizosoma kwenye mita, na joto la chumba ulichokuwamo.